Mrushaji Aliyepumzishwa

Jumamosi moja ya Oktoba mwaka 2012, saa moja ya asubuhi ikiwa imeshapita, Winfred Ndinda alikuwa amepiga magoti juu ya kitanda chake huko Abu Hamour, mjini Doha, kompyuta ameiegemeza kwenye mto, anawasihi watu ambao hawakuwa na habari kwamba yupo duniani.

"Moja tu," alikuwa akisema. "Nipeni moja tu, jamani, tukalale."

Huko Washington ilikuwa usiku wa manane. Timu yake ya besiboli ilikuwa inacheza na St. Louis mechi ya tano, ya mwisho. Anayeshinda anasonga mbele, anayeshindwa anafunga virago mpaka mwaka ujao. Washington walikuwa wameanza kwa kishindo, sita kwa bila kabla chai ya Winfred haijapoa. Kisha wakaanza kumegwa, mkimbio mmoja hapa, miwili pale, kama mtu anayeibiwa huku anaona. Sasa ilikuwa duru ya tisa, ambayo ndiyo ya kumalizia. Saba kwa tano. St. Louis walikuwa wamebakiza mpigaji mmoja tu wa kutolewa, na mpigaji huyo alishapata straiki mbili. Ya tatu ingemtoa, na mchezo ungeisha.

Mrushaji wa Washington akarusha. Mpira ukapita nje kidogo. Akarusha tena, nje. Mpigaji akapewa njia ya bure mpaka kituo cha kwanza. Akaja mwingine, straiki mbili, na yeye vilevile: nje, nje, njia ya bure. Pamoja na mwenzao aliyekuwa ameshatangulia kituoni, vituo vyote vitatu vikajaa.

Hapo intaneti ikaganda.

Winfred aliitikisa kompyuta kama mtu anayetikisa sanduku la akiba. Kwenye kioo mrushaji alikuwa amesimama na mguu mmoja hewani, hashuki. Picha iliporudi ubao ulionyesha saba kwa saba, na kabla hajaelewa kilichotokea, kijana mwingine wa St. Louis, ambaye mwanzoni mwa mwaka ule hakuna aliyekuwa akimtaja, aliupiga mpira ukaenda kutua kwenye nyasi. Tisa kwa saba. Washington wakapata zamu yao ya mwisho. Watatu wakaingia, watatu wakatoka. Watu elfu arobaini na zaidi waliovaa nyekundu wakasimama kimya kama waliosahau njia ya kwenda kwao.

Winfred akavua kandambili akaitupa. Aliitupa kwa mkono wa kushoto, ikagonga kabati, kabati likafunguka, na nguo za kazi zikaanguka sakafuni. Akatupa ya pili. Upande wa pili wa ukuta wa jasi jirani akagonga mara tatu.

"Gonga!" Winfred akamfokea. "Gonga mpaka uvunje! Kila mtu leo anavunja!"

Phyllis akaingia mbio kutoka jikoni akiwa na mwiko mkononi. Phyllis alikuwa mtu wa Kakamega, mkubwa wake kwa miaka minane, mhudumu wa vyumba katika hoteli moja ya Al Sadd. Chumba hicho walikuwa wanakaa wawili, katika jumba lililogawanywa vyumba tisa.

"Nani amekufa?"

"Washington."

"Washington gani?"

"Timu yangu, dada."

Phyllis akauteremsha mwiko. "Winnie, nimekimbia nimeacha jiko linawaka. Nilidhani wamekupigia kutoka nyumbani."

"Wangemwacha arushe!" Winfred alikuwa amesimama sasa, anazunguka kwenye kile kijinafasi kati ya vitanda. "Yule kijana wao! Wana mrushaji ambaye watu wanaogopa hata kumwangalia, wamemkalisha kwenye benchi amekunja mikono kama mgeni wa harusi. Anatafuna tu! Wamemhifadhi ili wampeleke wapi? Mechi moja ingemfanya nini? Ingemuua?"

Phyllis akamkatiza. "Lakini si wewe uliyesema mwezi jana walifanya vizuri? Uligombana na Reuben kwenye simu hapa hapa mpaka vocha ikaisha."

"Nilikosea."

"Ulisema mkono wa mtu si mali ya timu."

"Nimesema nilikosea! Mpumbavu ni mimi. Haya, umefurahi?"

Phyllis akaenda kuzima jiko, akavaa sare yake, akatoka kwenda kungoja basi la hoteli. Mlangoni alisema tu, "Kunywa chai," na Winfred alimchukia kwa upole ule kuliko kama angemtukana.

Ni kweli Septemba nzima Winfred ndiye aliyekuwa wakili wa uamuzi ule. Yule kijana mrushaji alikuwa amepasuliwa kiwiko miaka miwili nyuma. Mwaka huo alirudi akiwaka moto, na timu ikawa inaongoza ligi, timu ambayo Winfred alianza kuipenda wakati inafungwa mechi mia moja na zaidi kwa mwaka na watu wanaicheka. Alipofika Doha mwaka 2008 na kupata intaneti yake mwenyewe kwa mara ya kwanza, kitu cha kwanza kukitafuta kilikuwa mchezo huo. Reuben, binamu yake aliyekuwa Maryland, akamwambia kwao kuna timu lakini ni aibu tupu. Winfred akasema, basi hiyo ndiyo yangu. Akaamka nayo alfajiri miaka minne. Halafu Septemba, mambo yakiwa matamu, viongozi wakamwambia yule kijana: umerusha vya kutosha mwaka huu, weka glavu chini. Hakuwa anaumwa. Alitaka kuendelea. Marekani nzima ikapiga kelele, Reuben akiwa mstari wa mbele, na Winfred akasimama peke yake upande wa viongozi kama vile wamemlipa.

Alikuwa na sababu, na sababu hiyo ilikuwa inaning'inia upande wake wa kulia. Bega lake la kulia lilikuwa bovu, mkono haupandi juu ya sikio. Alitoka nyumbani Kenya na mkataba wa kuwa muuguzi wa wodi katika hospitali moja kubwa. Siku ya kupimwa wakamwambia amnyanyue mtu na kumgeuza kitandani, na bega likakataa mbele ya watu watatu wenye kalamu. Ndipo akaishia katika kliniki ndogo ya Al Sadd, chumba cha sindano, ambako hakuna cha kunyanyua kizito kuliko trei. Kazi ilikuwa nzuri. Alisema hivyo kila alipoulizwa.

Alikaa kitandani akaifungua tena kompyuta, si kutazama mchezo bali kutafuta mtu wa kugombana naye. Kwenye Facebook hakukosa. Reuben alikuwa ameweka picha ya uwanja mtupu, chini yake ameandika: "Asanteni viongozi. Mmelinda mkono, mmezika timu." Winfred akaandika haraka, "Umesema kweli tupu. Wangemwacha arushe." Akatuma.

Kisha akaona kwamba Mwalimu Benard ameichukua picha ile ya Reuben na kuipeleka kwenye ukurasa wa wasichana waliosoma na Winfred.

Mwalimu Benard ndiye aliyewafundisha sofboli katika shule ya bweni kule Makueni. Sofboli ni binamu wa besiboli, mpira mkubwa kidogo na mkono unazungushwa kutoka chini. Alikuwa amestaafu ualimu lakini si mchezo. Sasa alikuwa na klabu ya wasichana pale mjini. Siku zote alikuwa anaandika maneno marefu. Leo aliandika hivi:

"Wanangu, nilisema tangu Septemba. Mchezaji bora hafungiwi kabatini. Wazungu wamesahau moyo ni nini. Nawakumbusha fainali yetu ya 1999. Winfred Ndinda bega linamuuma, machozi yanamtoka, lakini alirusha mechi nne kwa siku mbili na akatuletea kombe. Hakuna aliyempumzisha. Huyo ndiye bingwa!"

Chini aliweka picha ya zamani. Wasichana kumi na wanne wenye sketi za kijani, yeye katikati na kombe. Watu sitini na wanne walikuwa wameshaipenda. Mtu ameandika, "Shujaa wetu!" Mwingine, "Winnie, uko wapi siku hizi?"

Winfred aliikuza picha. Kombe alikuwa amelishika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umening'inia kando, vidole vimekunjamana, na kama hujui utadhani ni msichana mwenye haya. Miaka kumi na mitatu watu wamekuwa wakiitazama picha hiyo ofisini kwa mkuu wa shule.

Alisoma tena maneno ya Mwalimu. Kisha akasoma yake mwenyewe, aliyoyaandika dakika tatu nyuma. Yalikuwa maneno yale yale. Akafuta yake. Akaanza kumjibu Mwalimu, akafuta, akaanza tena, akafuta. Mwishowe akachukua simu. Makueni na Doha saa ni moja; saa mbili asubuhi kule, saa mbili huku.

"Halo, Mwalimu. Ni Winfred."

"Winfred! Ndinda wangu!" Sauti ilikuwa ile ile, ya mtu anayeongea kutoka upande wa pili wa uwanja. "Umeona lakini? Si niliwaambia?"

"Mwalimu, futa ile picha."

"Picha gani?"

"Uliyoweka leo. Na yale maneno. Vifute."

"Kwani vimekuaibisha? Mbona watu wanakupongeza?"

"Mwalimu, unajua mkono ule sijauinua juu ya sikio tangu siku ile?"

Nyuma ya Mwalimu kuku walikuwa wanalia, na mtu anafagia.

"Pole sana," alisema. "Hilo sikulijua. Lakini uko sawa si ndiyo? Uko Qatar, una kazi. Wangapi hapa wanaitamani."

"Nilikosa kazi niliyokuja kufanya."

"Winfred, mwanangu. Hakuna mtu aliyekulazimisha. Nilikuuliza mbele ya wenzako, unaweza? Ukasema, naweza, Mwalimu."

"Nilikuwa na miaka kumi na saba! Shule nzima iko kwenye basi inaimba jina langu. Ulitaka niseme nini?"

"Ungesema huwezi."

Aliyasema bila ubaya, kama mtu anayemsahihishia mwanafunzi hesabu, na hapo ndipo Winfred alipouliza jambo ambalo hakuwa amepanga kuliuliza.

"Yule dada wa huduma ya kwanza. Baada ya nusu fainali. Nilimwona amekuvuta kando. Alikuambia nini?"

"Aah, huyo." Mwalimu alicheka kidogo. "Aliniambia ukirusha tena linaweza kuharibika moja kwa moja. Lakini wale ndiyo wimbo wao, hata mtu akijikwaa wanasema mguu ukatwe. Nikamwambia, dada, umebaki mchezo mmoja tu. Na tulishinda, Winfred! Usisahau tulishinda."

Winfred alikuwa amesimama, mgongo umegusa kabati. Kelele zote alizokuwa nazo asubuhi ile zilimwisha. Miaka yote hiyo alikuwa ameamini ni bahati mbaya. Kwamba hakuna aliyejua, si yeye wala Mwalimu. Kwamba walikuwa wote wawili wanapapasa gizani. Alikuwa amemtumia Mwalimu salamu za Krismasi kila mwaka.

"Ulijua," alisema.

"Usinikasirikie sasa. Ya zamani hayo. Hebu nikupe habari njema: nimepata msichana mmoja hapa, Mbithe, kidato cha pili. Wallahi anakuzidi! Desemba tunaenda Machakos, mashindano ya vilabu. Tutawafagia."

"Ni mechi ngapi?"

"Tukifika fainali, nne. Siku tatu."

"Na nani mwingine anarusha?"

"Mwingine wa nini?" akauliza Mwalimu Benard, kwa mshangao wa kweli.

Winfred akakata simu. Hakuwahi katika maisha yake kumkatia simu mtu aliyemzidi umri, na alipofanya hivyo mwili wake wote ulisisimka kama aliyeiba.

Mchana ule kazini alikuwa moto wa kuotea mbali. Dereva wa teksi alimpigia honi mbele ya kliniki, akamgeukia akamwambia kwa Kiswahili mambo ambayo ni vizuri dereva yule hakuyaelewa. Msimamizi wake alimuuliza kwa nini hatabasamu na wagonjwa, akajibu kwamba sindano haiingii vizuri zaidi kwa tabasamu. Alasiri, katikati ya mgonjwa na mgonjwa, akampigia dada yake aliyekuwa mjini Wote. "Nitafutie Mbithe ni mtoto wa nani. Anacheza kwa Benard." Kabla ya magharibi jibu lilirudi: ni mtoto wa mama mmoja fundi cherehani, kibanda cha tatu sokoni, na namba ya simu ndiyo hii.

Aliipiga siku iliyofuata. Alikuwa amejiandalia maneno ya upole. Hayakufika mbali.

"Wewe ni nani?" mama yake Mbithe aliuliza mara mbili. "Na unanipigiaje simu kutoka Uarabuni kwa habari ya mtoto wangu? Wale wa Machakos ndio wamekutuma?"

"Hakuna aliyenituma, mama. Mimi nilikuwa mrushaji wa Mwalimu Benard."

"Sasa unaona wivu."

"Wivu!" Winfred akasahau upole wote. "Mama, sikiliza. Nikitaka kuvaa gauni naanza na mkono wa kulia, kwa kuuvuta na wa kushoto, kama ninamvalisha mtu mwingine. Nikilala ubavu huo naamka nalia. Nywele zangu ninanyoa kama askari kwa sababu mkono haufiki kichwani. Nina miaka thelathini. Unataka nikuambie nini kingine?"

Cherehani iliyokuwa inasikika nyuma ikanyamaza.

"Wakati ule mama yako alikuwa wapi?" mwanamke yule akauliza, taratibu.

"Nyumbani. Hakuna aliyemwambia."

"Hm," akasema mama yake Mbithe. "Nimekusikia. Sikuahidi kitu, lakini nimekusikia."

Miezi miwili ikapita. Winfred hakumtafuta Mwalimu wala Mwalimu hakumtafuta, na picha ilibaki pale pale ilipowekwa. Akapatana na jirani wa nyuma ya ukuta, akamwomba Phyllis msamaha, na Phyllis akasema ameshasahau, ingawa alikuwa anakumbuka kila neno. Lakini hasira haikuondoka. Ilikuwa inaamka naye, inapanda naye basi.

Katikati ya Desemba habari zikaja kutoka Machakos. Mama yake Mbithe alikuwa amesafiri na timu, akakaa kwenye benchi na kikapu chake cha chakula, akamwambia Mwalimu mbele ya wazazi wote: mechi moja kwa siku, basi. Mwalimu alibembeleza, akafoka, akaleta mchungaji. Mama hakusogea. Mbithe akarusha mechi ya kwanza, wakashinda. Siku ya pili akarusha asubuhi, wakashinda. Nusu fainali ikapangwa jioni ya siku ile ile, na msichana aitwaye Katunge, ambaye hajawahi kurusha mbele ya watu, akaingia. Walifungwa kumi na moja kwa mbili.

Mwalimu Benard aliandika usiku ule ule. "Kuna watu wako Uarabuni wanakula wakashiba, kazi yao ni kuwaharibia watoto wa wenzao. Walipata sifa zao, sasa hawataki wengine wazipate." Hakutaja jina. Hakuna aliyehitaji kutajiwa. Waliomwita shujaa Oktoba sasa walimwita mchawi. Mmoja alikuwa amesimama kando yake kwenye ile picha. Aliandika kwa Kikamba neno ambalo Winfred hakuwa amelisikia tangu utotoni, na lilimchoma kama alivyokusudiwa kuchomwa.

Reuben akampigia simu akicheka. "Binamu, karibu kwenye uongozi wa Washington!"

"Nitakutukana, Reuben."

"Nitukane. Angalau mimi nakucheka usoni."

Akamtukana, na wote wawili wakajisikia vizuri kidogo.

Siku ya tarehe kumi na nane, ambayo ni sikukuu ya taifa la Qatar, kliniki ilifungwa. Barabara za Abu Hamour zilikuwa zimejaa magari yaliyobandikwa bendera za rangi ya damu ya mzee na nyeupe, vijana wametokeza madirishani, honi hazikomi. Winfred alikuwa ametoka kununua mkate. Simu ikalia akiwa getini, namba ya mama yake Mbithe, lakini sauti haikuwa ya mama.

"Wewe ndiye Winfred wa Qatar?"

"Ndiye. Nani mwenzangu?"

"Mbithe."

Winfred akaingia ndani ya geti, akaikandamiza simu sikioni. "Mbithe. Habari yako?"

"Usiniulize habari yangu! Unajua ulichonifanyia?" Msichana alikuwa analia na kufoka kwa pamoja. "Nilikuwa nimekaa pale mzima! Bega halikuwa linauma! Hata kidogo, hata chembe! Naangalia Katunge anapigwa, kila mpira anapigwa, analia, na mimi mkono wangu uko hapa, mzima, na mama amenishika sketi nisiinuke! Kulikuwa na watu kutoka Nairobi walikuja kuniangalia mimi. Mimi! Wameondoka bila kuniona."

"Pole."

"Sitaki pole yako! Unanijua mimi? Ulishawahi kuniona hata siku moja nikirusha?"

"Hapana."

"Umezungumza na Mwalimu. Umezungumza na mama. Kila mtu ulimwuliza habari ya bega langu. Mbona mimi hukuniuliza?"

Lori lilipita nje na muziki wake, na Winfred akangoja lipite. Alijua kwamba msichana huyo amegusa mahali penyewe.

"Ningekuuliza ungesema nini?" akamwuliza.

"Ningesema nirushe!"

"Najua. Na mimi niliulizwa. Nilisema hivyo hivyo."

"Basi!"

"Ndiyo maana sikukuuliza."

"Hiyo si haki," Mbithe akasema.

"Si haki. Hata mimi naona si haki." Winfred aliegemea ukuta, mkate umeminywa kwapani. Alikuwa na hasira bado, lakini haikuwa ya mtoto huyu, na ghafla hakujua aipeleke kwa nani. "Labda bega lako lingevumilia mechi zote nne na zingine hamsini. Labda. Mimi sijui, na wewe hujui, na hatutajua kamwe. Nichukie tu."

"Nakuchukia."

"Sawa."

"Nitakuchukia mpaka nizeeke!"

"Sawa, Mbithe. Lakini siku likianza kuuma, mfokee Mwalimu Benard hivi hivi unavyonifokea mimi. Usipunguze hata neno."

"Mimi Mwalimu simwogopi," msichana akasema kwa dharau.

"Mimi nilimwogopa."

Ilisikika Mbithe anapenga kamasi, halafu sauti ya mama yake kwa mbali ikiuliza nani ameichukua simu. "Mama anakuja," akasema haraka, na simu ikakatika.

Winfred alipopanda ngazi alimkuta Phyllis amesimama mlangoni mwa jikoni, mikono ina unga.

"Nani huyo alikuwa anakufokea? Nimemsikia dirishani mimi, simu iko sikioni mwako."

"Mtoto mmoja wa kwetu Makueni."

"Mtoto! Na umemwacha akufokee? Amekukosea heshima."

"Amenikosea kabisa," Winfred akasema. Akauweka mkate mezani, akavuta kiti akaketi. Kisha akaitafuta ile namba kwenye simu, akaihifadhi upya, na mahali pa jina la mama akaandika la Mbithe.